Kabla Hajakugusa Mgongo

Siku tatu za kubeba miche huku Olmotonyi ziliniachia mgongo unaowaka. Jirani akanihimiza nimtafute kairopraktika, mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, kazi iliyoanzia Marekani mwaka 1895.

Nilipompata, kwanza nilimuuliza amesomea wapi, nikamtajia dawa ninayomeza ya kuzuia damu isigande. Shingo nilikataa kabisa kuzungushwa kwa ghafla: ni nadra, lakini mshipa wa damu huweza kuchanika, kiharusi kikafuata.

Ukipata ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukagoma au miguu ikalegea, kimbilia hospitali, hata usiku wa manane. Homa za jioni na kukonda nazo zipimwe kwanza. Kifua kikuu hula pingili za mgongo, na pingili iliyoliwa haibonyezwi.