Kichwa kinagonga, pua inalaumiwa: Soma hii kabla hujakubali kupasuliwa

Kama umekulia Mutomo au Kathonzweni, vumbi la Agosti unalijua. Unashuka kwa boda pua imeziba, paji la uso linagonga kama ngoma. Mama anasema ni sainasi. Mwenye duka la dawa naye anasema ni sainasi. Sasa umeambiwa mfupa wa pua umepinda, na ukifanyiwa upasuaji kichwa kitatulia. Nyumbani wameanza kujadili ng'ombe yupi apelekwe sokoni.

Ngoja kidogo, ng'ombe abaki zizini.

Mwaka 2004, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza watu 2,991 walioamini, au walioambiwa na daktari, kuwa wana maumivu ya kichwa ya sainasi. Hawakuwa na dalili za maambukizi, na hakuna aliyewahi kuambiwa ana kipandauso. Asilimia 88 walipatikana na dalili za kipandauso.

Utauliza, kipandauso kinahusiana vipi na pua kuziba? Neva inayobeba hisia za paji la uso, macho na mashavu ndiyo hiyo hiyo inayofika puani. Ikichokozwa, macho hutoa machozi na pua hutiririka au kuziba. Kwa hivyo unalaumu pua ilhali nayo ni mhasiriwa tu.

Jichunguze. Je, maumivu hukaa saa nne hadi siku tatu, yakidunda, mara nyingi upande mmoja? Unahisi kutapika, unachukia mwanga na kelele, ukitembea yanazidi? Hapo shuku kipandauso. Sainasi sugu ni kitu kingine: kamasi nzito ya manjano au kijani, uso kubana, pua kutonusa hata chapati zikipikwa, na hali hiyo kuendelea wiki 12 au zaidi.

Kuna mtego mwingine ambao vijana wengi hawaujui. Ukimeza tembe za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, tembe zenyewe zinaweza kuanza kukuumiza kichwa. Zile zenye mchanganyiko wa dawa, siku 10 zinatosha. Hakuna kisu cha kutibu hilo.

Si kwamba upasuaji ni bure. Kama huwezi kupumua vizuri, una vinyama puani, au sainasi imekataa kuisha baada ya wiki kadhaa za kuosha pua kwa maji ya chumvi (yaliyochemshwa yakapoa, tafadhali) na dawa ya kupuliza, unaweza kukusaidia sana. Lakini pua iliyopinda ni kitu cha kawaida, na wengi wanayo bila kuumwa kichwa hata siku moja. Kuna madaktari hupaka ganzi pale mfupa unapogusa ukuta wa pua ili waone kama maumivu yatakoma. Hicho ni kidokezo, si hakikisho. Na upasuaji wenyewe una hatari zake: kuvuja damu, maambukizi, hata tundu kwenye ukuta wa kati wa pua.

Maumivu yakikupiga ghafla kama radi, au yakija na homa na shingo kukakamaa, kuona vibaya au mkono kulegea, usisubiri kliniki. Kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Vinginevyo, chukua daftari. Kwa mwezi mmoja andika siku unayoumwa, muda, ulichomeza, na kama pua ilikuwa imeziba. Nenda nalo hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui mjini ama Wote, uombe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Uliza mapema SHA italipa nini na nini kitatoka mfukoni. Kisha muulize daktari, bila aibu: "Hii operesheni ni ya kunisaidia kupumua, ama ni ya kichwa?" Akisema ya kichwa, muulize mtafanya nini kikiendelea kuuma baada ya kidonda kupona.