Maziwa Yakikutana na Kostiki

Kipande cha sabuni ya maziwa alichoniletea dada mmoja wiki iliyopita kilikuwa na rangi ya tofali, kimepasuka katikati, na kilinuka kiasi cha kunifanya nisogeze kiti. "Lakini mwalimu, maziwa yenyewe nilikama asubuhi ile ile," akajitetea. Nilimwamini. Maziwa yake hayakuwa na tatizo. Aliyapika bila kujua kwamba anayapika.

Sabuni ya kipande huzaliwa mafuta yanapokutana na kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye kimiminika. Kostiki ikigusa maji hutoa joto lake yenyewe, bila moto wala jiko, na ndani ya dakika chache chombo kinaweza kupita nyuzi 80 za Selsiasi. Maji hayana cha kuungua. Maziwa yanacho: kila gramu 100 za maziwa ya mbuzi au ng'ombe zina sukari ya laktosi gramu 4 hadi 5, pamoja na protini. Joto likipanda, sukari ile inakuwa hudhurungi kama ya kashata iliyosahauliwa jikoni, na protini inavunjika na kutoa amonia. Ndiyo harufu iliyonikimbiza kwenye kiti. Harufu huisha sabuni ikikaa wiki kadhaa, ila rangi haitoki.

Wengi hugandisha maziwa kwenye friza, huyaweka katika chombo kilichokalishwa ndani ya beseni la barafu, kisha hunyunyiza kostiki kijiko kimoja kimoja huku wakikoroga. Njia hiyo inafaa ukiwa na subira. Maziwa yakigeuka manjano kama kiini cha yai, usihofu. Yakielekea rangi ya chungwa, acha kunyunyiza mpaka yapoe. Vipande vyeupe vinavyoelea ni mafuta ya maziwa yaliyokwisha kuanza kuwa sabuni, na chujio litavimaliza.

Mimi napenda njia nyingine. Nagawa kimiminika nusu kwa nusu. Kwa kilo moja ya mafuta nachukua gramu 150 za maji na kuyeyushia humo kostiki yote, nasubiri ipoe kabisa, naichanganya na mafuta, halafu ndipo namimina gramu 150 za maziwa baridi. Maziwa hayakutani na kostiki ikiwa kali peke yake. Kwa njia yoyote ile, kostiki ndiyo inayoingia kwenye kimiminika. Ukimwagia maji juu ya kostiki yatakurukia usoni. Vaa glavu na miwani. Ikikugusa ngozi, osha kwa maji mengi ya bomba, wala usihangaike kutafuta siki. Na sufuria za alumini, ambazo ndizo zimejaa majikoni kwetu, ziache kabatini: kostiki huzila na kutoa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto. Tumia ya stili au ndoo ngumu ya plastiki.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo watu wanapoharibikiwa zaidi kuliko kwenye maziwa. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kilo ya mafuta ya nazi inahitaji takriban gramu 183, mawese gramu 141, alizeti 135, nyonyo 128. Mchanganyiko ninaoanza nao kwa mwanafunzi mpya ni mawese gramu 400, nazi 300, alizeti 200 na nyonyo 100, kwa gramu 143 za kostiki. Hesabu hiyo huacha karibu asilimia 5 ya mafuta bila kugeuka sabuni, ili ngozi isikauke. Nazi huleta povu jingi na ikizidi hukausha ngozi. Mawese hukipa kipande ugumu. Nyonyo hulifanya povu lidumu.

Bei ya nazi ikipanda, mtu hubadilisha zile gramu 300 kwa alizeti na kuacha kostiki ile ile. Hapo kostiki imezidi uwezo wa mafuta yote kwa gramu 6 hivi, na sabuni itachoma. Ukiwa na shaka, lowesha kidole, sugua kipande, gusisha kidole ncha ya ulimi. Ikikupiga kama betri, bado ina kostiki. Iache wiki moja ujaribu tena; ikiendelea kupiga, iwe ya kufulia. Kikombe na kijiko vya kupimia havifai hata kidogo, tafuta mizani ya kidijitali.

Ufa wa katikati una habari yake. Sabuni ya maziwa huendelea kupata joto ikiwa ndani ya kalibu, na sukari huzidisha joto hilo. Usiifunike blanketi kama afanyavyo mtengenezaji wa sabuni isiyo na maziwa. Iingize kwenye friji usiku wa kwanza. Ukiongeza asali, joto linapanda zaidi ya ulivyotarajia. Mafuta ya karafuu nayo hugandisha uji wa sabuni ghafla, mwiko unasimama kabla hujamimina, tena yakizidi huwasha ngozi. Matone machache yanatosha.

Unga mweupe juu ya kipande kwa kawaida ni kostiki iliyokutana na hewa ikawa magadi, kwangua tu. Madoa ya rangi ya chungwa yanayojitokeza baada ya miezi ni mafuta yaliyochacha, na alizeti ikizidi hualika hayo. Kipande kikae wiki 4 hadi 6 penye hewa kabla ya kutumika.

Kuhusu maneno ya sokoni kwamba sabuni ya maziwa hung'arisha ngozi ikawa nyeupe: hapana. Maziwa huongeza povu laini kama krimu na mafuta kidogo, basi.

Dada yule nilimjaribia kipande chake ulimini. Hakikunipiga. Kwa hiyo nimemwambia akate, akiweke rafuni mpaka harufu iishe, na akiogee mwenyewe. Wateja awatengenezee kingine, maziwa yakiwa barafu.