Hantkenina alabamensis

Hantkenina alabamensis ni spishi ya foraminifera ya planktoni iliyotoweka zamani. Kiumbe huyu wa seli moja alielea katika bahari zenye joto katika sehemu ya mwisho ya kipindi cha Eoseni. Alielezwa kisayansi mwaka 1924 na Mmarekani Joseph Cushman kutokana na visukuku vya jimbo la Alabama. Jina la jenasi ni heshima kwa Miksa Hantken, mwanajiolojia wa Hungaria.

Gamba lake la chokaa ni dogo kama chembe ya mchanga na limejizungusha katika bapa moja. Kila chumba cha gamba lililokomaa kina mwiba mmoja wenye uwazi ndani kama mrija. Kwa kuwa umbo la gamba linafanana na la Pseudohastigerina, wataalamu wengine waliamini kwamba Hantkenina ilitokana na jenasi hiyo. Baadaye visukuku vya umbo la kati vilionyesha kwamba miiba ilitokana na vyumba virefu vya Clavigerinella.

Kutoweka kwa jenasi hii, takriban miaka milioni 33.9 iliyopita, ndiko kunakoonyesha mpaka wa Eoseni na Oligoseni. Mpaka huo umewekwa rasmi katika miamba ya Massignano, Italia. Umepatikana pia kusini mwa Tanzania, ambako udongo wa mfinyanzi umehifadhi magamba ya foraminifera yaking'aa kama kioo. Kemia ya magamba hayo husaidia kujua hali ya bahari wakati barafu kubwa ilipoanza kutanda Antaktiki.