Mafuta Yasaidiayo Kuishika Homoni: Donge la Manjano la Ng'ombe

Sisi wakazi wa mtaa wa Katindo, tunywao maziwa na kula jibini itokayo katika milima ya Masisi, aghalabu husifu majani na hewa ya milima ile, wala hatukitaji kiungo kinachoyatangulia maziwa yote: donge la manjano, upana wake sentimita 2 hadi 3, linaloota katika ovari ya ng'ombe pale kilipopasuka kifuko cha yai, na ambalo rangi yake yatokana na karotini ya majani yayo hayo.

Donge hili hutoa projesteroni, ambayo pasi nayo mimba haikai, likiamriwa na homoni ya LH itokayo katika tezi ya pituitari. Wengi, hata waliosoma, hudhani kuwa kipokezi kinachoishika LH, kwa kuwa ni protini, chajitosheleza, na kwamba mafuta ya utando wa seli ni mahali pa kukaa tu. Sivyo hata kidogo. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walizitia tando za madonge ya ng'ombe fosfolipasi, vimeng'enya vikatavyo mafuta ya utando pasipo kuikata protini, na uwezo wa tando hizo wa kuishika homoni ukapungua: kipokezi kilikuwapo, ila kimenyang'anywa mafuta yaliyokizunguka.

Ajabu zaidi ni kufa kwa donge lenyewe. Ng'ombe asiposhika mimba, yapata siku ya 17 mji wa uzazi hutoa prostaglandini, iliyoundwa kwa asidi ya arakidoni iliyong'olewa katika mafuta ya tando za seli zake. Donge hunywea, na katika panya wa maabara imeonekana kwamba utando wake, uliokuwa mwepesi, huganda sehemu sehemu kama samli alfajiri ya baridi, ilhali joto la mwili ni lilelile.

Baada ya vita vya miaka ya 1990 kuyafyeka makundi ya ng'ombe wa Masisi, kumchinja jike mwenye mimba ni ubadhirifu mkubwa, na kuzitupa machinjioni ovari zenye madonge hayo, badala ya kuwapa wanafunzi wa mifugo wazipasue na kujionea, ni kuitupa elimu isiyo na gharama.

Matumizi ya elimu hii ni haya: kupima projesteroni katika maziwa ili kuijua mimba, mganga wa mifugo kulipapasa donge kwa mkono, sindano ya prostaglandini ya kuwaleta majike jotoni pamoja ili wahimilishwe. Sindano hiyo huiharibu mimba iliyokwisha kushika, na dawa yake hupenya ngozi ya binadamu, hivyo mwanamke mjamzito asiiguse.