Familia Iamue Kabla ya Fidia Kufika

Machi 2018 ujenzi wa Bwawa la Thwake ulizinduliwa mahali Mto Thwake unapokutana na Mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, na familia za bondeni zikalazimika kupisha maji. Kabla ya hapo, reli ya SGR, iliyozinduliwa Mei 2017, ilikuwa imekata mashamba ya watu kupitia Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Kule bonde la Mui, Kitui, wenye ardhi wamekaa miaka mingi bila kujua kama makaa ya mawe yatachimbwa au la. Kila mradi wa aina hii ukitajwa, mjadala mkubwa huwa ni bei ya ekari. Bei ni muhimu, lakini haitoshi. Familia huokolewa na maamuzi inayoyafanya kabla shilingi ya kwanza haijaingia benki, nayo hayawezekani ikiwa mioyo haijatayarishwa pamoja na mifuko.

Shamba la Ukambani hulipa kidogo kidogo: ndengu na mbaazi msimu huu, maembe msimu ule, mbuzi wa kuuza karo inapodaiwa, kuni na malisho yasiyonunuliwa. Fidia huja mara moja, tena kwa mkupuo ambao wengi hawajawahi kuushika. Mwanasosholojia Michael Cernea, aliyefanya kazi Benki ya Dunia, alitaja hatari nane zinazowakabili wanaohamishwa, zikiwemo kukosa ardhi, kukosa chakula na kuvunjika kwa ujirani. Mthamini huhesabu miti na mabati. Hahesabu kikundi cha mwethya ambacho kwa miaka kimechimba matuta kwa zamu katika kila shamba.

Hasara ya moyo nayo ni ya kweli. Bwawa la Kariba lilipohamisha takriban watu 57,000 wa bonde la Gwembe mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti Elizabeth Colson na Thayer Scudder waliowafuatilia walieleza jinsi wahamishwaji walivyoyalilia makazi yao, wakiandamwa na wasiwasi wa maisha mapya. Kwetu, wazazi wamezikwa shambani, kwa hiyo kuhama ni kuwaacha au kuwahamisha waliolala. Mtu mwenye majonzi na pesa nyingi mkononi ni rahisi kushawishika. Ndiyo maana kikao cha familia kizungumzie makaburi, wazee na hofu za watoto kabla ya kuzungumzia kununua gari.

Baada ya hapo hesabu ipangwe. Ardhi mbadala ije kwanza, kwa sababu wengi wakitafuta mashamba kwa wakati mmoja bei hupanda. Chakula kifuate: mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo kuu la Ukambani, na anayehama wakati huo amepoteza mavuno. Karo itengwe, kisha salio ligawanywe, lisiwekwe lote mahali pamoja. Bima ya amana hulinda hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika benki moja, na hati fungani za serikali hununuliwa kuanzia shilingi 50,000. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mume na mke waridhiane kabla ya mali ya ndoa kuuzwa. Fidia ya shamba lao nayo iamuliwe na wote wawili. Kama hati ingali kwa jina la babu aliyefariki, urithi ushughulikiwe mapema, maana mgogoro wa ndugu huzuia malipo.

Wapo watakaosema kwamba mzigo huu ni wa serikali. Ni kweli, na Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inataka fidia ya haki ilipwe bila kuchelewa; tuendelee kuidai. Lakini deni likilipwa, anayebaki na matokeo ni mwenye shamba. Wengine watauliza mtu apangeje pesa zisizojulikana zitakuja lini. Mpango hauhitaji tarehe. Unahitaji utaratibu wa nini kianze na nini kingoje, bila kukopa kwa tumaini la fidia. Na fedha zikiwa kidogo, ndipo kosa moja huumiza zaidi.

Kama alama za wapima ardhi zimeshaonekana kijijini kwenu, msisubiri barua ya malipo. Iteni kikao wiki hii, mama na vijana wakiwemo, na muandike mlichokubaliana.