Kuziba Nyufa za Dari ya Jasi

Dari ya jasi, ambayo mafundi huiita jipsamu, inaonekana katika nyumba nyingi mpya za Mbeya na Iringa. Hupendeza sana mwanzoni. Baadaye nyufa hujitokeza, hasa pale bodi mbili zinapokutana. Wenye nyumba wengi hukimbilia kuziba na kupaka rangi. Msimu unaofuata ufa hurudi palepale, na fedha zimekwenda.

Kwa nini hurudi? Tazama kinachoishikilia dari. Bodi hufungwa kwa skrubu kwenye fremu ya mbao, na mbao nyingi za ukanda huu ni za misindano, hasa kutoka msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi. Mti uliokatwa karibuni una maji mengi. Fundi akitumia mbao mbichi, zitakaukia hukohuko juu na kusinyaa. Ubao wenye upana wa milimita 50 huweza kupungua milimita moja hadi mbili. Ni kidogo, lakini jasi haivutiki kama mpira, hivyo hupasuka. Ufa wa namna hii huwa umenyooka na ni mkavu.

Ufa wenye doa la kahawia ni jambo jingine: hapo kuna maji. Mvua za nyanda hizi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na msumari mmoja uliolegea kwenye bati hutosha kulowesha dari. Katika kemia, jasi ni salfeti ya kalsiamu yenye maji ndani yake. Ikipashwa moto hupoteza sehemu ya maji hayo na kuwa unga. Unga huo ukichanganywa na maji huganda tena. Hata ikishaganda, jasi huyeyuka kidogo katika maji, na bodi iliyolowa hulegea. Kwa hiyo paa hutengenezwa kwanza. Dari ikiwa imebonyea, msilale chumba hicho: bodi nzima ya milimita 12 huzidi kilo 20 hata ikiwa kavu.

Ufa unaotoka kwenye dari na kushuka ukutani kwa mshazari huashiria kwamba jengo lenyewe linasogea. Huo ni wa fundi mwashi, si wa unga.

Mtahiniwa, ukiulizwa hatua za ukarabati, usianze na unga. Anza na chanzo. Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa na uandike tarehe. Mwezi ukipita bila ufa kuvuka alama, fanya kazi, ikiwezekana kiangazi. Kaza bodi iliyolegea kwa skrubu. Panua ufa kidogo kwa kisu ili unga upate pa kushika, kisha futa vumbi. Bandika tepu ya wavu juu yake. Bila tepu, ufa wa maungio hufunguka upesi. Mimina unga kwenye maji, kiasi kidogo tu, kwani huganda kwa dakika chache, na ukianza kuganda usiongeze maji. Pitisha tabaka jembamba kwa mwiko, liache likauke, kisha pitisha la pili lililo pana zaidi. Piga msasa ukiwa umeziba pua na mdomo. Katika nyumba ya zamani ambayo dari yake huenda ni ya asbesto, usipige msasa kabisa, maana vumbi lake husababisha saratani.

Rangi hupakwa mwisho, dari ikiwa kavu kabisa. Kwa baridi ya Juni na Julai, subiri siku moja au mbili zaidi.