Bata Apigaye Miluzi

Mtu akaaye karibu na ziwa husikia mara nyingi, jua likiisha kuchwa, miluzi mitatu mitatu ikipita juu angani. Mgeni hudhani ni wachungaji wanaoitana. Sivyo: ni kundi la bata wa mwitu waendao malishoni.

Bata huyu si mkubwa. Urefu wake ni karibu sentimeta 45. Utamtambua kwa uso wake mweupe, kisogo cheusi, kifua cha rangi ya hudhurungi na milia myembamba ubavuni. Miguu na shingo yake ni mirefu, naye husimama wima kama askari wa zamu. Dume na jike hufanana kabisa.

Katika nchi yetu ya Kongo hukaa penye maji yaliyotulia na majani mengi, kama vile maziwa ya Upemba na Kisale katika Katanga. Wako pia Madagaska, hata Amerika ya Kusini. Mchana hupumzika ufukoni pamoja na wenzake. Usiku hutafuta mbegu, majani ya majini, wadudu na konokono.

Mwaka 1766 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alimpa jina la Kilatini viduata, maana yake «aliyefiwa na mwenzake». Lakini tazameni maisha yake! Dume na jike hukaa pamoja, hata husafishana manyoya ya shingo. Mvua zinaponyesha hutengeneza kiota chini, katikati ya majani marefu, na pengine katika tundu la mti. Jike hutaga mayai 8 hadi 12. Bata dume wa aina nyingi humwachia jike kazi yote, akaenda zake, huyu sivyo. Baba na mama hupokezana kuatamia muda wa siku 26 hadi 28. Vifaranga wakiisha kuanguliwa, wote wawili huwaongoza majini na kuwalinda mpaka waweze kuruka, yapata miezi miwili.

Baada ya kuzaa huja wakati wa hatari. Manyoya ya mabawa hunyonyoka yote pamoja, na kwa muda wa majuma matatu hivi bata hawezi kuruka. Hujificha kati ya matete. Mtu mwenye fimbo tu aweza kumwua.

Basi, enyi vijana, mkikuta kiota majanini, msichukue mayai. Nanyi wazazi, msiyachome moto matete yote ya ufukoni, wala msiwawinde bata wakati wasipoweza kuruka. Akiuawa mmoja wa wale wawili, aliyebaki hana wa kupokezana naye. Akiliacha yai kwenda kula, kenge hulipata. Hapo ndipo lile jina la Kilatini huwa kweli.